"Mmeelewa?" Swali Linalomdanganya Mwalimu



Baadhi yetu mafrateri hutumwa kufundisha shuleni katika mwaka wa kichungaji. Tunafika na falsafa kichwani na chaki mkononi, tukidhani kwamba anayelijua jambo anaweza kulifundisha. Makala haya ni kwa wanaojiandaa kwenda, na pia kwa makatekista na walimu wa Kipaimara parokiani, maana darasa ni darasa.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulikuwa wawili, tukipokezana vipindi vya hisabati kidato cha kwanza, wanafunzi 62 katika chumba kimoja. Kwa wiki mbili tulifundisha kujumlisha sehemu. Kila mwisho wa kipindi tuliuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Tukaweka vema kwenye azimio la kazi, tukasonga mbele. Siku ya jaribio zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Walijumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Jioni ile tulitafuta wa kumlaumu: shule ya msingi, uvivu, simu. Ilituchukua siku kadhaa kukubali kwamba ile "ndiyo" tuliiomba wenyewe, nao kwa heshima wakatupa.

Tatizo hili ni la kale. Karibu mwaka 400 Deogratias, shemasi wa Kartago, alimlalamikia Mtakatifu Agostino kwamba anapowafundisha wanaoanza imani, maneno yake yanamchosha hata yeye mwenyewe. Agostino alimjibu kwa kitabu kizima. Humo anakiri kwamba naye karibu daima haridhiki na usemaji wake, kisha anashuka kwenye mambo madogo kabisa: msikilizaji akipiga miayo, mchangamshe, au mpe kiti akae. Asipoonyesha dalili yoyote, mwondolee woga, muulize kama ameelewa. Hapo tulisimama. Agostino alimfikiria mtu mmoja aliye mbele yake, na woga aliushughulikia kwanza. Sisi tuliwauliza watu 62 kwa mpigo, na fimbo iko juu ya meza.

Basi fimbo tukaiondoa. Hatusemi darasa lilitulia siku hiyohiyo, la hasha. Kwa wiki moja lilikuwa soko. Lakini mtoto anayeogopa kupigwa kwa jibu baya atajificha nyuma ya sauti za wenzake, na mwalimu hatajua kamwe amekwama wapi.

Pili, tulibadili namna ya kuuliza. Zamani tulitaja jina kwanza: "Wewe, simama, jibu." Wengine wote wakapumua na kuacha kufikiri. Sasa tunauliza swali, tunanyamaza huku tukihesabu moyoni hadi tano, ndipo tunataja jina. Hizo sekunde tano ni ndefu kuliko unavyodhani! Frateri aliyezoea kuhubiri atatamani kuzijaza kwa maneno. Avumilie. Na ili kutaja majina ni lazima uyajue, kwa hiyo tulichora mpango wa madawati kwenye karatasi na kuyakariri jioni kama tulivyokariri Kilatini.

Lugha nayo ilitufumbua macho. Wanafunzi wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kiasi na asili waliyajua. Kidato cha kwanza wakakutana na mambo yaleyale yamevaa majina ya Kiingereza. Tukaanza kuandika maneno mapya pembeni mwa ubao, Kiingereza na Kiswahili sambamba, kabla ya kugusa hesabu yenyewe. Mwandiko wetu tulikwenda kuusoma tukiwa dawati la mwisho. Nusu yake haukusomeka.

Lililotusaidia kuliko yote ni vipande vya karatasi. Dakika tano kabla ya kengele kila mwanafunzi anajibu swali moja tu bila kuandika jina. Jioni tunagawa mafungu matatu: waliopata, waliokosea hesabu lakini njia wanaijua, na waliopotea kabisa. Hatusahihishi kwa alama, kwa hiyo kazi yote haizidi nusu saa. Kipindi cha kesho kinaandaliwa kutokana na fungu la tatu, hata kama azimio la kazi linadai mada mpya. Mwalimu wa Kipaimara mwenye vijana 20 anaweza kufanya vivyo hivyo kwa swali moja kuhusu sakramenti.

Mara ya kwanza fungu la tatu lilikuwa na karatasi 34. Kesho yake hatukuandika kanuni yoyote. Tulichora chapati ubaoni, tukauliza: una nusu ya chapati, rafiki akakuongezea theluthi, je, sasa unayo zaidi ya nusu au pungufu? "Zaidi!" Na 2/5 je, ni zaidi ya nusu? Darasa likanyamaza. Tulihesabu hadi tano, tukapita, tukahesabu hadi kumi. Kisha kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, tumeibiwa chapati."