Uniti ya Stima Lunga Lunga: Bei Inakotoka, na Namna ya Kuipangia Biashara

Mwongozo huu ni wa wenye friza za samaki, mashine za kusaga nafaka, saluni, vibanda vya juisi na karakana za kuchomea vyuma, kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga na Vanga. Anayetafuta ujanja wa kulipa nusu hataupata humu. Atakachopata ni kujua sehemu gani ya bei ya uniti inaamuliwa mbali naye na sehemu gani imo mikononi mwake, ili asihangaike na ile ya kwanza akaisahau ya pili.

Tuanze na swali lisilokwisha kituo cha mpakani: mbona ng'ambo, Horohoro, stima ni rahisi kuliko huku? Ni kweli, kwa maandishi ni rahisi. Bei za TANESCO zilizowekwa mwaka 2016 zinamtoza mfanyabiashara wa kawaida shilingi 292 za Tanzania kwa uniti, na mwenye nyumba ndogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa 100. Ukihesabu takriban shilingi 20 zao kwa shilingi moja yetu, hiyo 292 inakaribia 15 kabla ya kodi na ada. Lakini usipange biashara kwa hesabu hiyo. Kila nchi hupanga bei moja kwa gridi yake yote. Aliye hatua chache kutoka mpakani hulipa kama aliye Nairobi, na wa Horohoro hulipa kama wa Mwanza. Umbali wako na mtambo, au na jirani mwenye bei nafuu, haumo katika hesabu ya mita yako.

Umbali huo, hata hivyo, haukupotea. Umefichwa katika bei ya jumla. Kenya hakuna soko ambapo umeme hunadiwa kila siku kama samaki wa asubuhi. Kenya Power hununua kwa mikataba ya miaka mingi kutoka KenGen, kampuni binafsi na nchi jirani. Mitambo mingine hulipwa kwa kuwa tayari tu, iwashwe isiwashwe. Ethiopia inatuuzia kwa mkataba wa miaka 25 ulioanza kazi Novemba 2022, megawati 200 kwa kuanzia, kwa senti 6.5 za dola kwa uniti, kupitia njia ya kilomita 1,045 inayofika Suswa. Kusini mwa Afrika mambo ni tofauti: tangu mwaka 2009 nchi za ukanda ule zina soko la siku moja mbele, ambalo bei yake hubadilika saa kwa saa. Muungano wa umeme wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2005 na wenye makao yake Addis Ababa, unakusudia kufika huko. Siku ukifika, anayenunua kwa jumla ndiye atakayeiona bei ya saa. Mita yako ya tokeni haitaiona.

Biashara ya mipakani yenyewe si ngeni. Kagera imewahi kuwashiwa taa na Uganda, Rukwa na Zambia, kwa sababu gridi ya Tanzania ilikuwa mbali kuliko ya jirani. Pemba, ambayo ni jirani yetu baharini, hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya maji kutoka upande wa Tanga tangu mwaka 2010. Zanzibar huununua kwa jumla, kisha huuza rejareja. Na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa Tanzania, pamoja na bwawa lake la Julius Nyerere la megawati 2,115, itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa ule wa bwawa hilo la Rufiji hupotea mwingi njiani kabla ya kufika huko. Njia ya kuuleta ipo: waya wa kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida. Mkaaji wa mpakani akilielewa hilo hatashangaa tena kuona nchi yenye umeme wa kutosha ikinunua wa mwenzake. Uniti moja kule Rufiji na uniti moja kule Moshi hazina gharama sawa, hata kama mnunuzi wa mwisho hutozwa bei ileile.

Pwani yetu nayo ina hadithi hiyo. Umeme wa mvuke hutoka Olkaria, wa upepo kutoka Turkana, wa maji kutoka mabwawa ya Mto Tana. Yote ni mbali na bahari. Njia ya Nairobi hadi Mombasa, kilomita 482, iliwashwa mwaka 2017 kuuleta huku. Hata baada yake, mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai haikuachwa, hasa kati ya saa 1 jioni na saa 4 usiku, Kenya nzima inapopika na kuwasha taa kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 mahitaji ya saa hizo yalipita megawati 2,300. Usiku wa manane hupungua sana, na Olkaria mvuke mwingine huachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji.

Sasa shika simu yako. Ujumbe wa tokeni una tarakimu zile 20, idadi ya uniti, na kiasi kilichokatwa kwa tozo nyingine. Wengi husoma tarakimu wakafuta. Usifute. Bei ya msingi huidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa kipindi cha miaka kadhaa. Iliyoanza tarehe 1 Aprili 2023 ilipangwa hadi 2026. Juu yake kuna gharama ya mafuta na ya kubadilisha fedha za kigeni, ambazo hutangazwa kila mwezi katika gazeti rasmi la serikali. Kuna pia marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya umeme wa vijijini ya asilimia 5, tozo ndogo ya maji na ya mdhibiti, kisha VAT ya asilimia 16.

Hizo mbili za kila mwezi ndizo zinazoyumbisha bajeti. Mvua ikichelewa, maji ya Tana hupungua, mitambo ya mafuta hufanya kazi zaidi, na wewe hulipia. Mikataba mingi iko kwa dola, kwa hiyo shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola Januari 2024, bei ya uniti ilipanda bila bei ya msingi kuguswa. Ilipotulia karibu 130, ikashuka. Tahadhari inayofuata hapo ni moja: usimfungie mteja bei ya barafu au ya kusaga kwa mwaka mzima ukitegemea tokeni ya mwezi mmoja. Chukua wastani wa miezi 12, uongeze kidogo kwa ajili ya kiangazi.

Sehemu iliyo mikononi mwako zaidi ni daraja la matumizi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Madaraja yana mipaka miwili: uniti 30 na uniti 100 kwa mwezi. Kwa nyumba, bei za msingi za Aprili 2023 zilikuwa shilingi 12.22 hadi uniti 30, 16.30 hadi uniti 100, na 20.97 zaidi ya hapo. Biashara ndogo nazo zina madaraja yenye mipaka hiyohiyo. Ukivuka mpaka, bei mpya haihusu uniti za ziada peke yake. Uniti zako zote huhamia juu. Fanya hesabu: uniti 100 kwa 16.30 ni shilingi 1,630. Uniti 110 kwa 20.97 ni shilingi 2,306.70. Uniti kumi zimekugharimu shilingi 676.70, kabla ya kodi.

Daraja hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Mwezi mmoja wa harusi na wageni hufuata mita yako hadi miezi inayokuja, na kubana matumizi wiki moja hakukushushi. Ndiyo maana maneno ya barazani kwamba tokeni za mwanzo wa mwezi, au za kununua kidogo kidogo, zina uniti nyingi zaidi, hayana msingi. Nunua unapozihitaji. Ikiwa nyumba na duka viko kwenye mita moja na jumla huvuka 100 kila mara, nenda ofisi ya Kenya Power ukaombe mita ya biashara, kwa jina na matumizi yake halisi. Kuvuta waya kutoka kwa jirani ni kosa la jinai, na moto wake haubagui ukuta.

Kuhusu saa za usiku: punguzo la kutumia umeme usiku lilianza Desemba 2017 kwa viwanda na wanunuzi wakubwa wenye mita za aina yake. Mita ya kawaida ya tokeni haijui saa. Kugandisha barafu saa 8 usiku hakupunguzi bei ya uniti. Kuna faida nyingine, nayo ni ya kweli: saa za jioni nguvu ya umeme hushuka kwa walio mwishoni mwa njia ndefu, kama sisi, na mota ya friza au ya kinu huumia ikilazimishwa kuwaka kwa nguvu pungufu. Sagia mchana. Friza ijaze mapema, uifungue kwa nadra jioni, na uiwekee kifaa cha kuikata umeme unapoyumba. Bei yake ni ndogo kuliko ya kompresa.

Mwenye paa zuri na mtaji anaweza kufikiria sola. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu kurudisha ziada kwenye gridi, lakini kila uniti unayotoa inahesabiwa nusu. Kwa hiyo pima mtambo kwa matumizi yako ya mchana, usiupime kwa ndoto ya kuuza. Kwa mwenye mashine ya kusaga hesabu hiyo huenda ikakubali. Kwa kinyozi mwenye taa mbili, sidhani.

Kabla ya kufunga duka leo, tafuta ujumbe wa tokeni za miezi mitatu iliyopita, au piga *977# ukafuate maelekezo. Jumlisha uniti, gawa kwa tatu, uandike jibu ukutani karibu na mita. Likiwa kati ya 100 na 115, kazi yako ya mwezi ujao ni kutafuta hizo chache za kupunguza.