Msimbo Ukihamishwa, Jina la Mwandishi Liko Wapi?

Swali: Tunaandika programu ya bei za soko la mifugo hapa Oldonyiro. Nilihamishia msimbo wa mwenzangu kwenye faili nyingine. Sasa Git inasema ni wangu. Amenuna!

Jibu: Kazi yake haijapotea. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, hairekodi uhamisho; huhifadhi hali ya faili, kisha hukisia unapouliza. Kwa kawaida, faili ya zamani na mpya zikifanana angalau asilimia 50, huhesabu kuwa imebadilishwa jina tu. Kujua nani aliandika kila mstari uliohamishwa, andika git blame -C, kisha jina la faili. Ikiwa ulinakili kutoka faili ambayo hukuigusa katika komiti (rekodi ya mabadiliko) ya uhamisho huo, rudia -C mara tatu. Git itasota, lakini itamtaja mwenzako. Vipande vifupi mno huiponyoka. Siku nyingine hamisha kwanza, fanya komiti, ndipo urekebishe.