Diski Ikisema Imeandika, Iwe Imeandika: Mafunzo Niliyopata Katika Kuchagua SSD za Seva

Kazi yangu ni kutunza seva za hifadhidata: malipo ya wagonjwa, stoo ya dawa, marejesho ya mikopo ya SACCOS. Kila msimu wa bajeti mhasibu huniuliza swali lilelile: kwa nini SSD ya seva iuzwe ghali hivyo, na ile ya kompyuta ya kawaida inapatikana Kariakoo kwa bei ndogo, tena boksi lake linatangaza kasi kubwa zaidi? Ana haki ya kuuliza, kwa sababu fedha ni za wanachama na wagonjwa. Majibu yangu ni haya.

1. Anza na umeme

Mteja akilipa, hifadhidata kama PostgreSQL hungoja diski ithibitishe kwamba muamala umefika mahali pa kudumu, ndipo imjibu kuwa malipo yamekubaliwa. Uzima wa vitabu vyote umeegemea uthibitisho huo. SSD nyingi hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huihamishia taratibu kwenye chipu za flashi. Umeme ukikatika kabla ya kuhama, kilichobaki kwenye kumbukumbu hiyo kimepotea. Kinachoweza kuharibika zaidi ni ramani ya ndani inayoieleza diski kila kipande kiko wapi, na ramani ikivurugika hata data ya mwaka jana haisomeki.

SSD ya seva hubeba kapasita zenye chaji ya kutosha kumalizia kuandika baada ya umeme kuondoka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP Labs walichapisha jaribio la kuzikatia umeme SSD 15 za watengenezaji watano, na 13 kati ya hizo zilionyesha kasoro. Baadhi zilipoteza data ambayo zilikwisha kuithibitisha.

Huambiwa mara nyingi kwamba UPS na jenereta vinatosha. UPS inalinda mpaka kwenye soketi tu. Pawa saplai ya seva ikiungua, fundi akichomoa waya usio wake, au betri za UPS zikiwa zimechoka bila mtu kujua, diski inabaki peke yake.

Kapasita hizo huleta na kasi pia, jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Kwa kuwa kumbukumbu ya muda inalindwa, diski inaweza kuthibitisha mara data inapoingia humo, na uthibitisho huo ukawa wa kweli. Diski isiyo na ulinzi, ikiwa nayo inasema kweli, lazima ingoje flashi kila mara. Ndiyo maana nimeona SSD ya seva ya SATA, inayosoma megabaiti 550 kwa sekunde, ikiiacha nyuma NVMe ya kompyuta ya kawaida kwenye hifadhidata yenye miamala midogo mingi, ingawa kwenye boksi NVMe ile ilitangazwa kuwa na kasi mara kadhaa zaidi.

2. Uchakavu ni hesabu

Flashi huchakaa kwa kuandikwa. Watengenezaji wa diski za seva hutaja uvumilivu kwa DWPD, yaani diski inaweza kuandikwa yote mara ngapi kwa siku katika muda wote wa dhamana. Yenye terabaiti 1.92 na DWPD 1 kwa miaka 5 inaahidi takriban terabaiti 3,500. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1, ambayo ni diski nzuri kwa kompyuta ya mezani, inaahidi 600 kwa miaka hiyohiyo 5, yaani theluthi moja ya ujazo wake kwa siku.

Kabla ya kuagiza, pima unachoandika sasa. Programu ya smartctl itakuonyesha jumla iliyoandikwa tangu diski iwashwe mara ya kwanza, nawe utagawanya kwa siku. Ofisi nyingi nilizohudumia hazihitaji DWPD 3. Ya 1 inatosha, na fedha inayobaki inanunua diski ya akiba.

3. Usiridhike na dakika ya kwanza

Diski za kawaida hutumia sehemu ya flashi kama eneo la mapokezi lenye kasi. Likijaa, kasi huporomoka. Jaza diski yote kwanza, kisha endesha fio, programu ya kupima kasi ya diski, kwa saa kadhaa. Usitazame wastani peke yake, tazama pia yale majibu machache yaliyochelewa kuliko yote, maana hayo ndiyo keshia anayoyasikia foleni ikiwa ndefu.

4. Pima nafasi

M.2 zenye kapasita mara nyingi zina urefu wa milimita 110 badala ya 80. Soma kitabu cha ubao wa seva kabla ya kulipa.

5. Uliza habari za fimuwea

Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, kwa sababu ya kosa kwenye fimuwea. Hiyo ni chini kidogo ya miaka mitatu na miezi tisa. Seva yenye RAID ya diski zilizowashwa siku moja ingezipoteza zote karibu kwa wakati mmoja, na RAID isingeokoa chochote. Tangu hapo siagizi kabla muuzaji hajanionyesha fimuwea mpya inapatikana wapi na kama inahitaji mkataba wa kulipia. Inapowezekana, nachanganya diski za matoleo tofauti ndani ya kundi moja.

6. Diski chakavu haifai kuwa ghala

Kwa viwango vya JEDEC, SSD ya seva iliyokwisha kutumia uvumilivu wake wote inatakiwa kutunza data ikiwa imezimwa kwa miezi 3 tu katika nyuzi 40. Ya kompyuta ya kawaida inatakiwa kutunza mwaka mmoja katika nyuzi 30. Ya seva imeundwa kukaa kwenye umeme saa 24. Kwa hiyo nikiona SSD iliyostaafu imewekwa kabatini na lebo ya “nakala za 2022”, tena stoo isiyo na kiyoyozi, naomba data ihamishwe siku hiyohiyo kwenye diski ya sahani au tepu.

7. Za mitumba, soma uchakavu na umri

SSD za seva zilizotumika huuzwa nafuu, na nyingine zina uhai mrefu bado. Omba ripoti ya SMART kabla ya kutoa fedha: asilimia ya uchakavu, makosa ya kusoma, saa za kuwashwa. Utafiti wa Bianca Schroeder na wenzake wa Google, uliotoka 2016, ulionyesha kwamba umri wenyewe huongeza makosa, hata kwa diski isiyoandikwa sana. Muuzaji akikataa kuichomeka mbele yako, nenda duka la pili.