Safari ya biashara nje: hesabu siku kabla ya magunia

KWA mfanyabiashara wa Katandala, mjini Sumbawanga, safari ya Mbala haionekani kuwa safari ya nje ya nchi. Barabara inapita Matai hadi mpakani Kasesya, na Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka. Lakini ujirani haufuti mpaka. Ng'ambo ya pili kuna sheria nyingine, fedha nyingine, kipimo kingine na hata saa nyingine. Asiyejiandaa kwa hayo huyalipia kwa siku za kusubiri.

Gharama ya siku moja

Chukua mfano wa mtu mwenye magunia 60 ya maharage aliyoyanunua kwa shilingi milioni 12. Anatarajia kuyauza kwa milioni 13.8, yaani ziada ya shilingi 1,800,000. Gari, vibali, wakala wa forodha na vibarua vinachukua 1,200,000. Faida inayobaki ni shilingi 600,000.

Sasa gari likikwama mpakani, kila siku ina malipo yake: gari kusubiri, mlinzi, chakula na malazi. Tuseme ni shilingi 120,000. Siku tano zinamaliza faida yote, na kuanzia siku ya sita kinacholiwa ni mtaji. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe, lakini swali ni lile lile: mzigo huu unaweza kuvumilia siku ngapi? Asiye na jibu hajawa tayari kupakia.

Karatasi zina mpangilio wake

Kosa la kawaida ni kuanza na gari na kumalizia na vibali. Kwa mazao, hatua ya kwanza iko kwa mnunuzi. Yeye ndiye anayeshughulikia kibali cha kuingiza mazao nchini mwake, nacho huonyesha masharti ambayo mzigo lazima utimize. Kwa kufuata masharti hayo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) hukagua mzigo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kibali cha kusafirisha mazao nje hutoka Wizara ya Kilimo.

Kisha kuna cheti cha uasilia, kinachothibitisha kwamba mali imetoka Tanzania. Kwa biashara ya SADC, cheti hicho hutolewa na TCCIA. Eneo huru la biashara la SADC lilianza mwaka 2008, na bidhaa inayotimiza masharti husamehewa ushuru wa forodha. Kodi na ada nyingine hazifutwi na cheti hicho, hivyo zihesabiwe mapema.

Mfanyabiashara asidanganywe na anachokiona kwa wenzake. Wazambia na Wakongo wana utaratibu rahisi wa COMESA kwa mizigo midogo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo utaratibu huo si wa Mtanzania.

Mwenye mzigo naye awe na hati halali ya kusafiria, na aseme ukweli juu ya shughuli yake. Utaratibu wa uhamiaji wa Zambia umekuwa ukimtenganisha mtalii na mfanyabiashara: mtalii hupewa hadi siku 90, anayekuja kwa biashara hupewa siku 30 katika kipindi cha miezi 12. Mwenye kwenda na kurudi mara kwa mara azihesabu siku zake.

Kipimo, fedha na saa

Bei ya "gunia" iliyosikika kwa simu haina maana mpaka ijulikane ni la kilo ngapi. Gunia la mahindi la Zambia kwa kawaida ni la kilo 50. La Sumbawanga kwa kawaida huhesabiwa kilo 100, na lumbesa huzidi hapo. Bei ikubaliwe kwa kilo.

Upande wa fedha, Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake Januari 2013, hivyo noti za zamani zisipokelewe. Mwenye kuvuka mpaka wa Tanzania na fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 za Marekani, au thamani yake, anatakiwa kuzitolea taarifa forodhani. Tena, kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza au kulipia bidhaa kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Kwacha au dola za mauzo zibadilishwe benki au kwenye duka la fedha.

Saa nayo ina hasara yake. Saa sita mchana Sumbawanga ni saa tano Zambia. Anayerudi jioni kwa kufuata saa ya Mbala anaweza kukuta ofisi ya upande wa nyumbani imefungwa.

Milango hufungwa

Juni 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, ikahitaji mahindi ya jirani. Mahindi ni yale yale. Kilichobadilika ni uamuzi wa serikali. Kwa hiyo taarifa ya mwezi uliopita haitoshi. Ofisi husika iulizwe wiki ile ile ya kupakia.

Anayepitia Kasanga kwenda Kongo aongeze jambo moja: chanjo ya homa ya manjano, ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha.

Sampuli itangulie

Njia nafuu ya kujifunza soko jipya ni kwenda kwanza bila mzigo. Mtu abebe kilo chache za sampuli, amwone mnunuzi na ghala lake, aulize ada zote na apate wakala wa forodha. Katika mfano ule wa maharage, safari hiyo ikigharimu shilingi 150,000, ni zaidi kidogo tu ya siku moja ya kukwama.

Na mzigo wa kwanza usiuzwe kwa mali kauli. Mdaiwa aliye ng'ambo ya mpaka humlazimisha mdai kusafiri tena, na nauli ya kufuatilia deni hutoka kwenye mtaji ule ule.