Nyayo Bapa za Mwanao: Kabla Hujanunua Kiatu cha Dawa

Mtoto katoka kuoga, kakimbilia sebuleni maji yakimchuruzika, na nyuma yake sakafu ya saruji imejaa alama za nyayo. Mama anazitazama. Hazina kile kibonyeo cha ubavuni. Unyayo mzima umelala chini kama pasi. Anamsimamisha, anamwangalia kwa nyuma: visigino vimeelekea nje, vifundo vimelalia ndani. Kufika jioni, jirani ameshampa jina la duka linalouza viatu vya kunyoosha miguu.

Kama mtoto huyo ana miaka miwili au mitatu, mama ameona jambo la kawaida. Unyayo wa mtoto mdogo una mafuta yanayoziba uvungu wake, na kano zinazoshika mifupa ya mguu bado ni laini, hivyo akisimama uzito wake huushusha chini. Uvungu hujitokeza polepole katika miaka kumi ya mwanzo. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 835 wa Austria, wenye miaka 3 hadi 6. Zaidi ya nusu ya wale wa miaka mitatu walikuwa na nyayo bapa. Kwa wale wa miaka sita, ni kama robo tu. Wachache hubaki nazo ukubwani, wakatembea na kucheza mpira bila kuumwa. Mara nyingi ni mambo ya ukoo, kwa hiyo mvue baba yake soksi kwanza.

Kuna kipimo cha nyumbani kisicho na gharama. Kaa nyuma ya mtoto, mwambie asimame kwa ncha za vidole kana kwamba anachuma embe. Uvungu ukijichora na visigino vikageukia ndani, unyayo wake ni bapa lakini mlaini, na huo ndio walio nao watoto wengi. Kama bado mdogo hawezi kusimama hivyo, mpakate miguu ikining'inia, au akiwa amesimama mwinulie kidole gumba cha mguu kwenda juu. Uvungu usipotokea kwa njia yoyote, unyayo ni mgumu, na hilo ni la hospitali.

Sasa viatu. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wa mwaka mmoja hadi sita wenye nyayo laini za aina hii. Wengine walivalishwa viatu maalumu au vya kuwekewa soli za ndani, wengine viatu vya kawaida. Baada ya miaka mitatu, nyayo za makundi yote zilikuwa zimeimarika, wala hazikutofautiana. Soli za ndani zina kazi yake, ya kumpunguzia maumivu mtoto anayeumwa. Asiyeumwa hazimjengei kitu, na kwa kweli inaniudhi kuona mzazi akikopa ili azinunue.

Kutembea peku nako kusikutie hofu. Huko India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya waliotembea peku. Lakini usimvue mtoto viatu kila mahali: kuna misumari, chupa zilizovunjika, funza, na minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya nyayo. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka, kwenye mchanga safi, mwache acheze peku. Chooni na barabarani, avae.

Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapokunjika, kimeshika kisigino, na mbele ya kidole gumba kinabakiza nafasi ya upana wa kidole chako. Vile viatu vya shule vya Januari, vinavyonunuliwa vikubwa ili "avikulie", humfanya mtoto aburute miguu na kujikwaa. Cha mtumba kigeuze utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kimeshafuata mguu wa mwenzake, kiache.

Michezo ya kuokota vizibo vya soda kwa vidole vya miguu, kutembea kwa ncha na kuruka kamba huimarisha misuli. Siahidi kwamba itamchongea uvungu. Kama vigimbi vyake vimekaza, asimame akiegemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini, mhesabu hadi thelathini, kisha abadilishe.

Mpeleke hospitali akiumwa miguu hadi anaacha mchezo au anaomba kubebwa, akichechemea, mguu mmoja tu ukiwa bapa, kisigino kisipofika chini, au nyayo zikizidi kulala kadiri anavyokua badala ya kuinuka. Aliyezaliwa unyayo umepinda kuelekea ndani ana tatizo jingine kabisa, mguu kifundo, na huyo matibabu yake huanza wiki za mwanzo, usimsubirishe.

Siku ya kwenda, beba viatu vyake vilivyochakaa, kwani soli iliyolika humwonyesha daktari mahali uzito unapoangukia. Mrekodi pia kwa simu akitembea uani bila kujua kwamba unamtazama. Akifika mbele ya daktari atatembea kama askari wa gwaride.