Hadi Diski Mpya: Ikague Kabla ya Kuikabidhi Amana

Ndugu wanafunzi, mwaka juzi tulinunua hadi diski ya nje kwa ajili ya kuhifadhi sauti za darasa la tajwidi na daftari la alama. Boksi lilikuwa zuri, limeandikwa 1 TB. Tukaichomeka, tukahamishia kila kitu, kisha tukafuta vilivyokuwa kwenye kompyuta ili tupate nafasi. Baada ya wiki mbili majina ya faili yote yalikuwepo, lakini nyingi zilikataa kufunguka. Sauti za miaka mitatu zikapotea, miongoni mwake ya mzee wetu mmoja ambaye sasa ni marehemu. Aliyefuta ni mimi ninayeandika haya, wala silifichi.

Tulipoifungua tulikuta kadi ndogo ya kumbukumbu iliyotengenezwa iseme uongo. Kompyuta hukiuliza kifaa kina nafasi kiasi gani, na jibu hulipokea bila ushahidi. Nafasi ya kweli ikijaa, kinachofuata hutupwa au hufunika cha mwanzo. Orodha ya majina hubaki salama, ndiyo maana mtu hagundui mapema. (Msichanganye na hili: 1 TB ya kweli huonekana 931 kwenye Windows. Mtengenezaji huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Hapo hujaibiwa.)

Basi ukaguzi hufanywaje? Hapana budi ufanywe diski ikiwa bado tupu. Anza na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu ambayo diski huandika kuhusu afya yake. Tazama mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu zilizoharibika au zinazotiliwa shaka. Kwa diski mpya thamani ghafi za mistari hiyo ziwe sifuri. Tazama pia saa ilizokwisha kuwashwa. Ukikuta maelfu, umeuziwa mtumba. Lakini hata saa hizo hughushiwa: mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa na wafanyabiashara kama mpya, hesabu yake ikiwa imefutwa.

Kwa hiyo ushuhuda wa diski juu ya nafsi yake hautoshi. Ifanyishe kazi. H2testw huijaza diski yote kwa data inayoijua, kisha huisoma tena na kulinganisha. Diski yetu bandia ingeumbuka hapo hapo. Wanaotumia Linux wana F3, na pia badblocks, ila hiyo ya mwisho ikiamriwa kuandika hufuta kila kilichomo, basi msiichezee.

Kazi hii inataka subira. Kwa USB 2.0 ya kompyuta yetu kuukuu, mwendo ni kama MB 30 kwa sekunde, hivyo 1 TB huchukua zaidi ya muda wa saa 9 kuandika, na kiasi hicho hicho kusoma. Diski isitikiswe wakati huo, wala isifunikwe kitambaa, hata kama baridi ya Mbulu inakushawishi uifunike kama mtoto! Sikiliza pia: mlio wa kugonga-gonga ni dalili mbaya. Irudishe dukani siku ile ile, na risiti uitunze.

Je, diski iliyofaulu haifi? Hufa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza zaidi ya diski 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili kuu nne za hatari. Ukaguzi unakutoa kwenye bandia na mbovu za kuzaliwa, basi. Yaliyobaki ni kazi ya nakala. Kule Lamu, hati za mkono za Msikiti wa Riyadha zilipopigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, nakala za picha ziliwekwa pia London, na hati zenyewe zikabaki Lamu.

Diski ya sasa tuliianza Ijumaa baada ya Isha. Usiku wa manane umeme ukakatika, tukaanza upya Jumamosi asubuhi. Ilimaliza Jumapili bila kosa hata moja, na hapo ndipo tulipoinunulia pacha wake. Huyo naye yupo kwenye ukaguzi leo ninapoandika, na kompyuta ya ofisi haitumiki mpaka kesho.