Injini ya Rota Inapowashwa Mara ya Kwanza: Vidokezo kwa Mjenzi wa Ndege

Injini ya Felix Wankel, fundi wa Kijerumani, ilinguruma mara ya kwanza mwaka 1957 kwenye kampuni ya NSU. Walioishikilia wengine walipoiacha ni Mazda. Leo 13B, ile ya RX-7 na RX-8, inachomolewa kwenye magari makuukuu na kufungwa kwenye ndege zinazojengwa gereji za nyumbani huko Marekani. Haina pistoni wala valvu. Ni rota mbili za pembe tatu tu. Ikigoma siku ya kwanza, usikimbilie kuifungua. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye nyaya, mipira na mabomba uliyoyafunga wewe mwenyewe.

1. Ifunge ndege kwanza. Mkia ushikwe kwa mnyororo kwenye kitu kisichong'oka, magurudumu yawekewe vizuizi, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu anayejua kuutumia. Mbele ya propela na usawa wake wa ubavuni pasiwe na mtu, hata yule shemeji anayepiga picha.

2. Oili kabla ya moto. Chomoa plagi, zima injekta, piga stata mpaka geji ya presha ya oili ipande. Isipopanda, simama hapo hapo: pampu iliyokaa kavu muda mrefu inaweza kushindwa kuvuta, na beringi hazina subira.

3. Plagi zikiwa nje, tega sikio. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo utasikia pumzi tatu zikifuatana: fuu, fuu, fuu. Zikilingana, shukuru. Mbili zikiwa dhaifu na moja nzito, shuku sili ya ncha, maana kila ncha inatenganisha vyumba viwili. Ikiwa dhaifu ni moja tu, angalia sili za ubavuni. Kipimo cha mgandamizo cha injini ya pistoni kitakudanganya hapa. Kinashika ile pumzi kubwa kuliko zote na kuzificha nyingine mbili, nawe utakwenda kulala ukidhani injini ni nzima.

4. Imelowa petroli? Hili ndilo tatizo linalowaliza wengi. Petroli ikizidi inaosha oili kwenye sili, mgandamizo unapotea, na kadiri unavyopiga stata ndivyo unavyozidi kuilowesha. Kata injekta, fungua mkono wa gesi mpaka mwisho, piga stata kwa vipindi vifupi itapike. Ikikataa, toa plagi, zikaushe, tia oili kidogo ya injini za mipigo miwili (2T) ndani ya kila chumba, izungushe, kisha jaribu tena. Itawaka na moshi mweupe wa kutisha majirani. Uache upite.

5. Inakohoa na kupiga mabomu kwenye ekzosi? Fuata nyaya. Kila rota ina plagi mbili: ya chini ndiyo inayotangulia kuwasha, ya juu inafuata. Ukibadilisha koili za juu na chini, au za rota ya kwanza na ya pili, injini itajaribu kuwaka na kushindwa kwa kelele nyingi. Nyaya zikiwa sawa, kagua gurudumu la sensa ya shafti: kulifunga likiwa limeruka jino moja kunatosha kuharibu majira yote ya cheche. Hakikisha kwa taa ya majira, usiamini alama ulizochora mwenyewe.

6. Ukizima seti moja ya plagi, usishangae. Rubani aliyezoea magneto mbili anategemea mizunguko ipungue sawasawa kila upande. Kwenye rota haiko hivyo: ukizima za juu utaona tofauti ndogo, ukizima za chini injini inalegea sana. Cha kuhofia ni pale unapozima seti moja na hakuna kinachobadilika. Maana yake hiyo seti haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

7. Joto. Hapa usiwe na haraka. Rota inapozwa kwa oili kutoka ndani, hivyo karibu theluthi ya joto linalopaswa kupozwa linapita kwenye oili, wala si kwenye maji. Wajenzi wengi wanaweka rejeta nzuri kisha wanabana kipoza oili kwenye kakona kasikopata upepo. Oili ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, punguza moto na zima. Maji yakipanda ghafla huku rejeta ni baridi, kuna hewa imejifungia: jaza kutoka sehemu iliyo juu kabisa ya mfumo, na kumbuka kwamba ndege yenye gurudumu la nyuma huegeshwa pua ikiwa juu, kwa hiyo sehemu hiyo huenda siyo unayoidhania. Elekeza pua kwenye upepo na fanya majaribio mafupi. Chini hakuna mwendo wa kusukuma hewa ndani ya kava.

8. Gia ikigonga. Kwa gia ya 2.85 kwa 1, shafti ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, propela inazunguka kama 2,100. Mlio wa meno kugongana injini ikiwa chini kabisa si lazima uwe uharibifu. Pandisha kidogo mizunguko ya chini usikie kama unapotea. Usipopotea, fungua gia.

9. Kama umeondoa pampu ndogo inayolainisha sili, changanya oili ya injini za mipigo miwili (2T) kwenye tangi, takriban mililita 8 kwa kila lita ya petroli. Kusahau kunalipwa kwa sili.

10. Baada ya majaribio ya kwanza, mwaga oili, kata chujio, kunjua karatasi yake juani. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, hakuna kuruka. Ukiona ni safi, bado: kwa injini isiyo na cheti, mamlaka ya anga ya Marekani kwa kawaida inadai saa 40 za kuruka majaribio kabla hujampakia abiria.